Mapambo ya Krismasi Kutoka Shambani: Somo kwa Wazazi na Walimu wa Shule ya Jumapili

Shule zikishafungwa mwisho wa mwaka, watoto wako nyumbani kutwa nzima. Wakati huo huo mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanavunwa, kanisa linaingia majira ya Majilio, na madukani zinaanza kuning'inizwa zile nyuzi za kung'aa na nyota za plastiki kutoka ng'ambo. Mzazi anapita hapo huku akiwaza karo ya Januari. Mtoto naye anauliza, "Na sisi tutaweka nini?"

Swali hilo si dogo. Mtoto hujilinganisha na wenzake mapema kuliko tunavyodhani, na Krismasi ndiyo siku anayoonyeshwa waziwazi nani anacho na nani hana. Ukimwambia tu kwamba Yesu mwenyewe alizaliwa maskini, umesema kweli, lakini mikono yake bado haina kitu cha kufanya. Somo hili ni la kumpa mikono hiyo kazi. Limeandikwa kwa walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa vikundi vya akina mama, na mzazi yeyote aliye na watoto wanaozunguka uani wakisema hawana la kufanya.

Mambo haya hayakuanzia kwa matajiri. Mwaka wa 1223, katika kijiji cha Greccio kule Italia, Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitengeneza hori ndani ya pango, akaweka nyasi na kuleta ng'ombe na punda wa kweli, ili watu wasiojua kusoma waone kwa macho yao jinsi Mwokozi alivyozaliwa. Na mwaka wa 1839, mjini Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini katika makao yaliyoitwa Rauhes Haus. Inasimuliwa kwamba watoto walimsumbua kila siku wakiuliza Krismasi itafika lini. Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipachika mishumaa: midogo ya siku za kawaida, na minne mikubwa ya Jumapili za Majilio. Ile shada ya Majilio tunayoiona leo madhabahuni ilitokana na gurudumu hilo.

Kuna faida nyingine ambayo mwalimu yeyote wa chekechea atakueleza. Mtoto anayefinyanga, anayesuka na anayefunga fundo anatia nguvu vidole vile vile vitakavyoshika kalamu. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumika kote nchini mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini, unadai kazi za mikono, na wazazi wengi wamelalamika kwamba wanatumwa kununua vifaa kila juma. Ukweli ni kwamba vingi vya vifaa hivyo vimelala nyuma ya nyumba. Tena mtoto kucheza na kushiriki sanaa si zawadi tunayompa akiwa ametulia. Ni haki yake, imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990.

KABLA YA KUANZA

Kaeni kwanza watu wazima peke yenu, hata kama ni watatu, mjibu maswali haya. Ni watoto wangapi, na wa umri gani? Nani kati yetu atakuwepo siku zote na si siku ya kwanza tu? Kuna mtoto aliyefiwa mwaka huu, ambaye Krismasi itakuwa ngumu kwake? Kuna mtoto haonekani kanisani kwa sababu ana ulemavu na wazazi wake wanamficha? Huyo wa mwisho mfuateni nyumbani. Mtoto asiyeona hufinyanga udongo vizuri sana kwa sababu anasikiliza vidole vyake, na mtoto ambaye mkono wake mmoja hauna nguvu aweza kusuka kama ncha moja ya kamba itagandamizwa kwa jiwe au kufungwa kwenye mguu wa meza.

Kwa watoto wadogo, mtu mzima mmoja asishike zaidi ya sita au saba. Walio chini ya miaka mitano wachane karatasi, wapake gundi, wafinyange. Wa miaka sita hadi nane waweza kukata kwa makasi yasiyo na ncha na kutunga vitu vikubwa kwenye uzi. Kuanzia tisa hivi wanaweza kusuka na kufunga malaika tutakayemweleza hapa chini, na wale wakubwa kabisa wapewe kazi ya kuwasaidia wadogo. Wembe usionekane mahali hapo. Najua ndio tunaotumia nyumbani kwa kila kitu, lakini mkononi mwa mtoto wa miaka saba wembe ni hatari. Na jambo moja tukubaliane: kusuka si kazi ya wasichana wala kufinyanga si kazi ya wavulana. Wote wafanye yote.

Gundi msinunue. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina ndani ya vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Ikiwa nzito kama uji, ipua. Inakaa siku mbili tatu tu, baadaye inachacha. Kuna wanaofundisha pia kufinyanga nyota kwa donge la unga na chumvi. Ni nzuri, inakauka ngumu kama biskuti, lakini inakula vikombe viwili vya unga na kimoja cha chumvi kwa nyota chache. Mahali ambapo mvua imekosekana na jirani analala njaa, usimpe mtoto unga achezee. Udongo upo.

MALAIKA WA MAGANDA YA MAHINDI

Hii ndiyo kazi ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu maganda ni bure, msimu wake unaangukia Majilio kabisa, na kitu kinachotoka ni kizuri kweli.

Mnapomenya mahindi, yale maganda ya nje magumu yenye madoa waachieni ng'ombe. Yanayotakiwa ni ya ndani, membamba, meupe, laini kama kitambaa. Yaanikeni kivulini siku kadhaa mpaka yakauke kabisa. Ganda lolote lenye ukungu wa kijani au mweusi litupwe, wala mtoto asilinuse. Tunajua ukungu wa mahindi ni kitu gani. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini iliwapata watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 wakafa. Wao walikula mahindi yenyewe, si maganda, lakini shamba ni lile lile, na hakuna sababu ya kumzoesha mtoto kushika kitu chenye ukungu.

Siku ya kazi, loweka maganda makavu katika karai la maji ya vuguvugu kwa dakika kumi hivi. Yatalegea na kukubali kukunjwa bila kupasuka. Kila mtoto anahitaji maganda saba au manane, uzi wa katani au nyuzi zilizochanwa kutoka shina kavu la mgomba, na kipande kidogo cha pamba au kitambaa kikuukuu cha kutengenezea kichwa.

Panga maganda manne, moja juu ya jingine, ncha nyembamba zikiwa upande mmoja. Zifunge pamoja kwa nguvu kwenye ncha hizo nyembamba, kama upana wa vidole viwili kutoka mwisho. Sasa hapo ndipo kuna siri: weka pamba iliyoviringwa juu ya fundo, halafu yageuze maganda yote yashuke chini, mawili mbele na mawili nyuma, kama unavyovua soksi, ili fundo lifichwe ndani. Funga tena chini ya ile pamba. Hicho ni kichwa na shingo.

Mikono ni ganda moja lililoviringwa kama sigara na kufungwa ncha zote mbili, au likachanwa mara tatu na kusukwa kama nywele. Lipenyeze katikati, chini ya shingo, kati ya maganda ya mbele na ya nyuma, kisha funga kiuno ili lisiteleze. Mabawa ni ganda pana lililokunjwa kisha likabanwa katikati kama tai ya shingo ya wahudumu wa hoteli. Lifunge mgongoni kwa uzi unaopita mabegani kwa mkato na kurudi nyuma. Maganda yanayobaki chini ndiyo kanzu. Yakate kwa makasi yawe sawa, na mvishe malaika juu ya shingo ya chupa tupu ya soda mpaka akauke. Usipofanya hivyo kanzu itajikunja ndani na malaika hatasimama.

Rangi ikihitajika, chemsha maganda kabla ya kazi pamoja na kitu cha jikoni. Majani ya chai hutoa kahawia, manjano ya pilau hutoa manjano kali, na maganda makavu ya vitunguu hutoa rangi ya dhahabu iliyokolea. Bitiruti inatoa waridi nzuri lakini jua likiipiga inafifia, kwa hiyo msitegemee itafika mwaka ujao.

Mwalimu, jizuie. Malaika wa mtoto wa miaka tisa atakuwa na shingo iliyopinda na bawa moja refu kuliko jingine. Mtu mzima anaona mkono unamwasha, anamchukua "amnyooshee kidogo", na mtoto anakaa kimya akitazama. Akirudishiwa si wake tena. Kama fundo limelegea, mwambie, "Hebu jaribu kushika hapa kwa kidole gumba nami nitazungusha uzi." Msifanye mashindano wala kuchagua aliye mzuri kuliko wote. Wote wapandishwe kwenye kamba moja kanisani, na kila mmoja ajue wake ni upi.

NG'OMBE WA UDONGO NA HORI

Watoto wetu wengi, hasa sehemu za wafugaji, wamefinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani bila kufundishwa na mtu. Anajua nundu inakaa wapi, pembe zinapindia wapi, na ng'ombe wa nani ana baka ubavuni. Halafu tunamleta kanisani tunampa picha ya kondoo wa Ulaya apake rangi! Mtoto wa Samburu au Turkana analijua zizi la usiku, harufu yake na baridi yake, pengine kuliko mhubiri. Hori analijua. Wachungaji waliokesha na mifugo ni kaka zake. Tumwachie yeye atufundishe.

Kwa hiyo pamba za kuigiza theluji juu ya mti, kwa maoni yangu, ziachwe. Theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya, na hata Bethlehemu ni nchi ya mawe na mbuzi.

Udongo mzuri ni wa mfinyanzi kutoka mtoni au wa kichuguu kisichokaliwa tena. Uponde, uondoe mawe na mizizi, uuchunge kwa chekecheo kuukuu, kisha ukande na maji mpaka ukiviringwa kama kamba na kuzungushwa kidoleni usikatike. Ukiona unapasuka unapokauka, ongeza mchanga laini kidogo au makapi yaliyopondwa. Miguu na pembe ndizo huvunjika kwanza. Mtoto atie kijiti ndani ya kila mguu kabla ya kuuvika udongo, na aunganishe vipande kwa kukwaruza pande zote mbili na kupaka udongo wa majimaji. Asibandike hivi hivi tu.

Kisha subira. Kazi za udongo nyingi huharibika kwa sababu watoto wanazianika juani ili zikauke leo leo. Nje inakauka, ndani bado mbichi, inapasuka. Ziwekwe kivulini, zifunikwe na gunia lenye unyevu siku ya kwanza, kisha ziachwe wazi siku nne au tano. Hazihitaji kuchomwa kama zitakaa ndani mahali pakavu. Rangi ni mkaa uliosagwa, majivu, na udongo mwekundu, vyote vikichanganywa na ile gundi ya unga. Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mabati au milango isitumiwe na watoto. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto polepole bila wewe kuona.

Kibanda chenyewe kijengwe kama nyumba ya hapo mlipo, kwa fito na nyasi, au kwa mabati ya debe. Mariamu akivikwa leso, ni sawa.

MBEGU: HAPA TUWE MACHO

Kutunga mbegu kwenye uzi ni kazi tamu kwa mtoto, na ni hapa ambapo mtu mzima lazima asimame karibu. Mbegu nyingi hazina shida: za malenge, tikiti, mahindi, maharagwe ya rangi rangi. Zile mbegu za kijivu zinazong'aa, zenye tundu la asili, ambazo watu hutungia rozari, ni nzuri kabisa kwa sababu hazihitaji kutobolewa. Makoa ya mijakaranda na matunda makavu ya mpaini yanapendeza yakining'inizwa yalivyo.

Lakini kuna tatu ambazo hazifai kuingia katika kikapu chenu.

Ya kwanza ni ile mbegu ndogo nyekundu sana yenye doa jeusi upande mmoja kama jicho. Inatoka kwenye mmea unaotambaa vichakani, na tangu zamani imetumiwa katika shanga na mapambo. Kwa uzuri hakuna inayoishinda, na ndio maana watoto huiokota. Ganda lake ni gumu, na ikimezwa nzima inaweza kupita bila madhara. Ikitobolewa kwa sindano ili itungwe, au ikitafunwa, sumu iliyomo ndani inapata njia. Mbegu moja iliyotafunwa vizuri yaweza kuua mtoto. Mwaka wa 2011, bustani mashuhuri ya Uingereza iitwayo Eden Project ililazimika kuwaomba wateja warudishe bangili zilizouzwa dukani mwake, kwa sababu zilitungwa kwa mbegu hizo hizo. Kama bangili za namna hiyo zipo nyumbani, ziondoeni shingoni na mikononi mwa watoto wachanga, kwa maana mtoto anayeota meno hutafuna chochote.

Ya pili ni mbegu ya mbarika, ile yenye mabaka mabaka kama kupe. Inaota kila jalala. Mafuta yake husafishwa yakawa dawa, lakini mbegu yenyewe ina sumu kali. Ya tatu ni kokwa la ule mti wa ua wenye maua ya manjano kama tarumbeta ndogo, majani membamba na utomvu mweupe. Sumu yake hushika moyo.

Mtoto akitafuna mojawapo ya hizi, msingoje muone. Dalili zaweza kuchelewa saa nyingi: kutapika, kuhara, maumivu ya tumbo. Msimlazimishe kutapika, msimpe maziwa mkidhani mmemaliza. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbebe mbegu nyingine ya aina ile ile ili daktari aione.

Hata mbegu isiyo na sumu ina hatari yake, nayo ni koo, pua na masikio. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asikae mezani penye punje ndogo, hata kama analia anataka kuwa na dada yake. Mpe udongo. Haragwe likiingia puani msilichokoe kwa njiti ya kibiriti, maana mtalisukuma ndani zaidi, na haragwe likipata unyevu linavimba.

Na kwa kuwa tunazungumzia mapambo: zile kadi zinazoimba na taa ndogo za kumetameta kutoka madukani huwa na betri ya duara, bapa, kama sarafu ndogo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, yaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Hiyo nayo ni safari ya hospitali usiku huo huo, si ya kesho.

VITU VINGINE VYA KUJARIBU

Vifuniko vya soda vikigongwa kwa jiwe vinakuwa bapa. Mtu mzima atoboe kwa msumari, watoto watunge vitano kuzunguka kimoja wapate ua au nyota inayolia upepo ukipita. Kingo zilizochongoka zisuguliwe kwanza juu ya jiwe gumu. Vipande vya kitenge mtapewa na fundi cherehani yeyote mkimwomba vizuri. Daftari za mwaka uliokwisha hutoa minyororo ya karatasi ya kutosha kuzungusha kanisa zima, na mtoto hufurahi kuona hesabu zake mbaya zikining'inia kama pambo.

Mifuko ya plastiki, ambayo zamani vijana walisokota mipira na sisi tukakatia maua, ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Kama bado kuna iliyofichwa nyumbani, msiwape watoto waichome wala kuiyeyusha. Moshi wake si mzuri kwa kifua cha mtu.

Kwa walio pwani, ndara zilizotupwa na bahari ni mali. Kule Kiunga, kaskazini ya Lamu, watoto walikuwa wakichonga vitu vya kuchezea kutoka ndara zilizoletwa na maji. Mwaka wa 1997 Julie Church, aliyekuwa huko kwa kazi ya kuhifadhi bahari, akaona, akawahimiza mama zao wakusanye, waoshe na wachonge. Kutokana na hayo ikazaliwa kampuni ya Ocean Sole, ambayo twiga na simba wake wa rangi rangi wanauzwa nchi nyingi. Wazo lilitoka kwa watoto, tusisahau.

Kuhusu mishumaa nina neno moja. Maganda makavu ya mahindi na nyuzi za mgomba hushika moto kama yamemwagiwa petroli. Shada ya Majilio yenye mishumaa ikae kanisani, juu ya sinia la udongo lenye mchanga, na mtu mzima asiondoke. Nyumbani, hasa nyumba ya nyasi, mshumaa uwe wa karatasi iliyokunjwa na kupakwa rangi. Kila Jumapili mtoto abandike ulimi wa moto wa karatasi ya manjano juu ya mmoja, mpaka ifike minne.

JE, TUUZE?

Kikundi kikiona malaika wametoka vizuri, mtu fulani atasema tupeleke mjini tukauze. Si wazo baya. Kazuri, pale Karen, ilianzishwa mwaka wa 1975 na Susan Wood akiwa na akina mama wawili wasio na waume, wakifinyanga shanga katika kibanda, na baadaye ikaajiri mamia. Lakini angalieni ni nani aliyefanya kazi hiyo: akina mama, kwa mshahara. Siku mteja atakapoagiza malaika 200 kabla ya tarehe 20, mchezo wa watoto umekwisha. Atakayekaa usiku akifunga mabawa ni nani? Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inakataza kumtumikisha mtoto, na haitaulizi kama mlikuwa na nia njema.

Ushauri wangu ni huu. Kazi za watoto zibaki za watoto: za kanisani, za nyumbani, za kumpelekea mgonjwa hospitalini au bibi anayekaa peke yake. Kama kuna biashara, ifanywe na watu wazima, pembeni, na daftari lake la mapato na matumizi. Mtoto mkubwa akitaka kuuza vitu vyake vitano sokoni apate pesa ya kalamu, pesa hiyo aishike yeye mwenyewe, na ahesabu yeye.

BAADA YA SIKUKUU

Mapambo yashushwe baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, kabla shule hazijashika kasi. Malaika wakaguliwe mmoja mmoja. Wakavu wawekwe ndani ya katoni pamoja na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wakae mbali, na katoni iwekwe juu, panya wasiifikie. Wenye unyevu waanikwe kwanza, la sivyo mwezi wa Machi mtafungua ukungu mtupu. Waliochakaa watupwe kwenye mboji. Mbuzi asipewe maganda yaliyofungwa uzi, maana uzi utamkwama tumboni. Ng'ombe wa udongo warudi kwa wenyewe, wakachezewe mpaka wavunjike, kisha udongo ulowekwe upya.

Vidole vikiwa bado vinakumbuka, kuna kazi ya Jumapili ya Matawi. Kata jani la mkindu au mnazi, au la mkoma kwa ndugu zetu wa Turkana, katika vipande vya upana wa kidole. Kimoja kirefu kikunjwe mara mbili kiwe nguzo, kifupi kikunjwe kiwe mkono, vilazwe mkatano na kufungwa kwa uzi wa jani lenyewe, ukipita pembe kwa pembe ili msalaba usilegee. Mtoto auweke juu ya mlango wa nyumba yao mwaka mzima. Kwaresima ikikaribia, akusanye na wenzake ile misalaba iliyokauka waipeleke kwa padre au mchungaji, iunguzwe, na majivu yake ndiyo watakayopakwa kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu.